Nilimtangaza Wifi Yangu kwa Kisingizio cha Maombi

Nimekosa, na sitaki mtu anifariji. Ukimaliza kusoma haya ukatema mate pembeni nitakuelewa, maana mimi mwenyewe siku hizi nikijitazama kwenye kioo naona kinyaa.

Mimi ni mama mtu mzima, nauza asali na karanga hapa Tabora mjini, naishi mtaa wa Chemchem. Kanisani wananijua. Kwenye jumuiya yetu ya majirani mimi ndiye ninayeanzisha nyimbo na kuongoza maombi, na sauti ninayo. Laiti ningezaliwa bubu!

Mdogo wangu wa kiume ni dereva wa lori. Alioa binti wa Ulyankulu, nitamwita Yusta, ingawa si jina lake. Mpole, mchapakazi, shikamoo haikauki mdomoni. Mama yake alikufa kwa saratani ya matiti, mama yake mdogo vilevile. Halafu dada yake aliyeko Dar naye akaugua. Madaktari wa huko wakampima damu, wakakuta kuna kitu cha kurithi kwenye ukoo, wakashauri na wadogo zake wapimwe. Yusta akaenda kutolewa damu, akarudi kusubiri majibu huku ananyonyesha mtoto wa kike ambaye hata kutambaa hajajua vizuri.

Jamani, kule kusubiri! Alikonda mpaka kanga zikawa zinamdondoka. Ukimkuta jikoni, mkono uko kifuani. Ukimsubiri bafuni hatoki, anajipapasa. Mtoto akimng'ata kidogo anaruka na machozi yanamtoka. Mimi nilikuwa sijui kitu, nikawa nawaambia watu labda ni mimba nyingine.

Siku majibu yalipotoka alikuja kwangu kabla ya kwenda popote. Nilikuwa uani nachambua karanga. Akakaa kwenye kigoda, mtoto mgongoni, akanieleza yote.

"Wifi, ninacho," akasema. "Daktari anasema siumwi. Ila hatari yangu ni kubwa kuliko ya wengine, inabidi nichunguzwe kila mwaka bila kukosa. Sijui nitalalaje mimi. Nikifumba macho namwona mama."

"Pole, wifi."

"Mume wangu sijamwambia, akirudi safari nitamwambia mwenyewe. Nakuomba, iishie hapa hapa."

"Kwangu imefika kaburini," nikamjibu.

Kaburini! Alipoondoka nilichukua kikombe alichonywea chai nikakisugua kwa majivu, kisha nikakiweka peke yake kama cha mbwa. Mtu kaja kulia kwangu, mimi nasugua kikombe! 

Jumamosi yake tukakutana jumuiya. Tulipomaliza rozari, kila mtu akataja nia yake. Huyu anaombea mvua, yule mtihani wa mwanawe. Zamu yangu ilipofika nikafumba macho, nikalegeza sauti ile ya unyenyekevu.

"Tumwombee wifi yangu Yusta," nikasema. "Amekutwa na saratani kwenye damu. Ile ile ya ukoo wao."

Hata uongo niliuchanganya, kwa sababu saratani hakuwa nayo. Watu wakaguna. Na nikwambie ukweli ambao sijamwambia hata padre: niliona raha. Ndiyo, raha! Maombi yalipokwisha wote walinizunguka kuuliza, na mimi nikawa najibu kwa kutikisa kichwa, kana kwamba msiba ni wangu. Jumapili, mama mmoja aliyekaa karibu na Yusta kanisani alimwinua mtoto wake akahamia benchi la nyuma. Niliona. Nikaendelea kuimba.

Sikutosheka. Nikampigia simu mama yetu aliyeko Puge.

"Unasema inarithiwa?" mama akashtuka. "Mayu wee! Si ndiyo mjukuu wangu anainyonya kila siku! Mtoe mtoto kwenye ziwa!"

Na mimi nikaona kweli. Urithi upite wapi kama si kwenye maziwa? Sikumuuliza daktari, sikumuuliza nesi. Mdogo wangu alikuwa njia ya Mpanda na mzigo, simu haipatikani. Nikaenda kwa Yusta, nikamdanganya kwamba bibi amemkumbuka mjukuu, naenda naye Puge mara moja tu.

"Bado ananyonya, wifi," akasema, akamkumbatia mtoto.

Hapo ndipo nilipotamka maneno ambayo natamani ningeyameza na ulimi wangu. "Unataka kumpa mwanao kile mama yako alichokupa wewe?"

Akanitazama, akajua siri yake imeshatembea. Kisha akafungua mbeleko, akanipa mtoto.

Puge tulimpa maziwa ya ng'ombe na uji. Akalia mpaka sauti ikakauka. Akaanza kuharisha, akatapika, macho yakaingia ndani, na mama bado anasema ni sumu ya ziwa inatoka. Alipoacha kulia ndipo nikaogopa, tukamkimbiza hospitali.

Daktari, dada mdogo kuliko binti yangu, aliuliza mama wa mtoto yuko wapi. Nikamweleza, nikitegemea sifa. Aliacha kuandika.

"Mama, hicho kitu hakipiti kwenye maziwa," akasema. "Kama mtoto amerithi, alirithi mimba ilipotungwa. Kama hakurithi, hakurithi. Na baba naye anaweza kurithisha. Huyu mtoto nyinyi ndio mmemuumiza."

Nilikaa kwenye korido, gauni langu limelowa uharo wa mtoto, nanuka, watu wanasogea pembeni. Nikasema moyoni, hii ndiyo harufu yangu halisi.

Nesi alimpigia Yusta simu, akafika jioni. Matiti yalikuwa yamejaa yakawa magumu, homa inamchemsha. Alikuwa amejifungia ndani peke yake akiamini saratani imeanza. "Imeanza! Imeanza!" analia, anamshika nesi mikono. Nesi akamkamua taratibu, anamwambia ni maziwa, mama, ni maziwa tu yamekosa mtoto. Sikuweza kutazama.

Mtoto alipona, namshukuru Mungu. Yusta alimbeba kutoka wodini moja kwa moja hadi kwa baba yake, Ulyankulu. Mdogo wangu siku hizi akitoka safari anafikia huko, na kwangu hapiti. Wale wa jumuiya niliowagawia siri sasa wananiita mchawi.

Hayo yote nimestahili. Kinachoninyima usingizi ni kingine. Uchunguzi wake wa mwaka huu ulishafika, na hakwenda.

Nilipojua nilipanda basi nikamfuata. Nilimkuta anaanika mahindi, mtoto ananyonya. Akasimama kwa adabu ile ile.

"Shikamoo, wifi."

"Marahaba, mwanangu." Nikapiga magoti pale pale kwenye vumbi. Nikamwambia anitukane, anifukuze, ila akapimwe. Nikamwambia nitampeleka mwenyewe.

"Ukinipeleka wewe nitakutana na nani kwenye foleni?" akauliza, taratibu kabisa. "Mama fulani wa jumuiya. Atanitazama kifua kabla hajanitazama uso. Wifi, huu ugonjwa nimeuogopa tangu nilipomzika mama. Sasa nawaogopa nyinyi kuliko ugonjwa."

Niliinuka, nikakung'uta vumbi magotini, nikarudi kupanda basi. 

Wanawake wenzangu, mwenzio akikufunulia kilichomo mwilini mwake, funga mdomo. Usikipeleke kwa mama mkwe, usikipeleke jumuiya ukakivisha nguo ya sala. Mungu hahitaji utaje jina la mtu mbele ya majirani ndipo asikie. Na kama hujui ugonjwa unapita wapi, muulize anayejua kabla hujamnyang'anya mtu mtoto.

Yusta hajapimwa hadi ninapoandika. Akipata uvimbe leo, hakuna atakayeujua mapema, na aliyemfungia mlango wa hospitali ni mimi.