Kusindikizwa na Bibi Uwanjani

Harufu ya kahawa ya kutafuna ikichanganyika na ya petroli hunibana kifua hadi leo, kama ulivyonibana mkanda ule.

Nilikuwa mtoto, mguu umefungwa vibao, nami nimefungwa mkanda kwenye kiti cha ndege ndogo ya kunipeleka hospitali ng'ambo ya ziwa. Rubani, mzungu wa misheni, alinionya: "Nikiendesha, usiseme, usiniguse."

Tukaanza kukimbia juu ya nyasi za uwanja wa Bukoba. Pua ya ndege, iliyoinuka juu ikiwa bado ardhini, ilimziba rubani asione mbele. Mimi, kwenye dirisha la upande wangu, nikamwona bibi yangu akitembea njiani mwetu. Nikaukamata mkono wa rubani, nikapiga kelele. Ndege ikayumba, ikasimama.

"Bibi, unataka kufa?" rubani alifoka, akifungua mlango.

"Mjukuu wangu anaondoka," bibi akajibu. "Nani amsindikize?" Akanitia kiganjani kahawa iliyofungwa kwa jani kavu la mgomba.

Bibi akapisha, mlango ukafungwa tena, ndege ikaondoka. Nilipogeuza shingo alikuwa nyuma yetu, kanga ikipigwa na upepo wa ndege, anatufuata polepole, kama mtu asiyetaka mgeni wake afike njia panda ya kuagana.