Tochi ya Kijani na Majani ya Mama

Mume wangu hanunui tochi kama watu wengine. Anaagiza zile LED zenyewe, vijitaa vidogo kama punje ya mtama, anavichukua mjini Litein, kisha anakaa mezani akivibadilisha kwenye tochi na kuniuliza naona rangi gani. Nyeupe, namjibu. Hapana, anasema, hii ni ya Kelvin elfu sita, kipimo cha rangi ya mwanga, inaelekea ubuluu. Ile ya elfu nne ina uwaridi. Na hii ina ukijani kwa mbali. Jamani! Mimi nina ng'ombe wa kukamua, mtu ananisomea ukijani kwa mbali.

Ningemwacha na wazimu wake kama si majani ya chai ya mama yake. Mama amezeeka, vidole vimekakamaa, lakini bado anachuma gunia lake mwenyewe na hataki lichanganywe na letu. Anajivunia jambo moja tu: tangu kituo chetu cha majani chai kijengwe, karani anayepokea majani hajawahi kumrudishia gunia.

Siku hiyo lori la kiwanda lilichelewa, jua likatua tungali kituoni. Majani yakikaa sana kwenye gunia yanapata joto, yanaungua na kuwa mekundu. Kwa hivyo Mama akayamwaga kwenye turubai tuyachague upya, tutoe yaliyoungua. Nikammulikia kwa tochi niliyopewa na mume wangu, mtaalamu wetu wa nyumbani, yenye mwanga mkali kuliko zote. Tulichagua jani kwa jani, yote yakaonekana kijani kibichi, hata nikamsifu Mama, tukayarudisha guniani. Karani akaja na tochi yake, akatumbukiza mkono guniani, akauinua umejaa wekundu mtupu.

"Kogo," akasema, kama mjukuu anavyomwita nyanya yake, "haya yarudi nyumbani."

Mama alifunga gunia, watu wakampisha, wengine wakijifanya wanatazama barabara. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze.

Nyumbani nilimwaga majani mezani, juu ya vijitaa vyake vyote, nikamwambia aeleze. Unafikiri aliona aibu? Alifurahi kuulizwa! Akasema tochi ile inawaka sana, ila ukijani wake unaficha wekundu, kila mtu anajua. Kila mtu nani? Halafu akachomoa nyingine mfukoni, ile ya uwaridi, akamulika, na majani yakaiva wekundu mbele ya macho yetu. Kumbe alikuwa nayo siku zote. Nikamuuliza kwa nini hakunipa hiyo.

"Hii ni nzuri mno," akasema. "Ingechafuka kituoni."

Mama alikuwa mlangoni, amesikia yote. Alinyoosha mkono, na mwanawe akampa tochi.

Sasa anaivaa shingoni kwa kamba, imejaa utomvu wa chai. Karani akimkaribia, hata kama jua bado linawaka, Mama anafungua gunia, anamulika ndani, na kumsubiri atazame.