Jeneza Halipandi Ngazi

Mwezi uliopita, kwenye ofisi ya mji, nilikuta wamebandika ukutani mchoro wa daraja la watu wa Ngamiani kupita juu ya reli. Mzee mmoja mwenye kanzu aliweka vidole viwili kwenye karatasi, akavitembeza polepole kama mtu anayepanda.

"Hizi ni ngazi?" akamwuliza karani.

"Ndizo."

"Jeneza litapandaje?"

Karani akaacha kuandika. Mzee akasema siku ya kumzika mkewe geti la reli lilifungwa, mabehewa ya mkonge yakawa yanakwenda na kurudi. Jeneza haliwekwi chini njiani, kwa hiyo walisimama nalo mabegani, wakipokezana, hadi kalima ikawakaukia midomoni.

"Wekeni mteremko, mwanangu."

Karani akainuka, akatoa shikamoo aliyoisahau mwanzoni. "Nitawaambia wahandisi. Lakini fedha haijapatikana, mzee. Huenda ikachukua miaka."

"Marahaba. Sina haraka. Daraja nalitaka siku ya kubebwa mimi."

Tangu hapo, nikisimamishwa getini, huinua macho pale daraja litakapokuwa. Hakuna kitu, ila jana niliwakuta wenzangu wawili waliosubiri treni ipite nao wanatazama juu.