Vipandikizi Vinne vya Waridi

Mama alishuka kwenye basi la Songea mwezi Desemba akiwa na vipandikizi vinne vya waridi, amevifunga kwenye kanga iliyoloa. Alivikata uani kwake, alikokuwa akiishi peke yake tangu baba afariki. Nilikuwa nimemwomba ahamie kwangu Mbwawa, nje ya Dar, moja kwa moja. Akakubali kuja kwa Sikukuu tu. Katikati ya Januari angerudi zake.

Kesho yake asubuhi akachukua jembe. Jirani yetu, mama wa rika lake, mzaliwa wa Kisarawe, akamwambia kutoka ng'ambo ya wigo:

"Mwenzangu, vuli hiyo inaondoka. Subiri masika."

"Kwetu Desemba ndiyo mvua inakolea," Mama akajibu. "Na mimi nimepanda maua kabla huyu hajazaliwa."

Huyu ni mimi. Badala ya kumsikiliza mwenyeji, nikamuunga mkono Mama, tena kwa jeuri. Nilikuwa na haraka zangu: nilidhani waridi likishika, na yeye atabaki. Jirani hakubishana. Aliomba kipandikizi kimoja, akapewa.

Mvua ikakata wiki ileile. Kila jioni nilirudi kutoka kazini Dar nimechoka hoi, nikavimwagia ndoo nzima. Wapi! Kufika Januari vyote vitatu vilikuwa njiti. Nililaumu udongo, nikawagombeza kuku, mwisho nikamgombeza hata Mama kwamba alivipanda juu juu. Aliingia chumbani akaanza kukunja nguo zake. Neno lile ninalijutia mpaka leo.

Siku mbili kabla ya safari, jirani akaja na kopo la rangi lililojaa udongo. Katikati kilisimama kile kipandikizi cha nne, kimetoa majani matano machanga, mekundu. Alikuwa amekiweka kivulini, chini ya mfenesi wake.

"Chako hiki, mwenzangu, nilikutunzia. Ila usikitie ardhini sasa, jua litakimaliza."

Mama akayagusa majani kwa ncha ya kidole.

"Masika yenu yanaanza lini?"

"Machi, Mungu akipenda."

Nikamkumbusha kwamba tiketi yake ni ya Jumamosi. Akanitazama vilevile alivyokuwa akinitazama nilipokuwa darasa la kwanza.

"Na hiki nimwachie nani?" akauliza. "Wewe unayegombana na kuku?"