Mgeni Aliyekuja na Njaa

Nakumbuka mchana mmoja, mwanangu, mwanamke mzee alipoingia uani kwangu mikono mitupu, akadai nimpikie. Kisa hicho nakupa leo kwa sababu ya swali lako la jana. Uliniuliza, kichwa umekiinamisha, kama huzuni inaweza kumuua mtu. Hukuuliza ili ujue tu. Niliyaona mashavu yako yalivyobonyea.

Wakati ule nilikuwa mjane kama wewe, mwenye umri kama wako. Mume wangu Kabongo, fundi wa kiwanda cha shaba hapa Kolwezi, alikuwa amekufa kwa homa ya ghafla. Siku za kilio nyumba ilijaa. Wanawake walilala nje pamoja nami juu ya mikeka, wanaume walizunguka moto, na majirani walileta sufuria za bukari, ugali wetu, na sombe ya majani ya muhogo. Mimi sikugusa kitu jikoni, maana kwetu mfiwa hapiki, unajua mwenyewe. Halafu wazee wakaninawisha mikono, wakasema kilio kimeisha, kila mtu akarudi kwake, na watoto wangu wakachukuliwa na mama yangu kwa muda. Hapo ndipo nilipojua kimya ni nini.

Basi swali lako nakujibu: ndiyo, inaweza. Niliiona. Baba yake Kabongo hakudondosha hata chozi makaburini, nasi tukamsifu, eti huyu ndiye mwanamume. Kila tulipomuuliza alisema yuko salama, huku mkono uko kifuani. Akalala akiuelekea ukuta, na kabla mvua hazijaanza tukamzika kando ya mwanawe. Daktari alisema moyo wake ulikuwa mgonjwa tangu zamani, huzuni ikaja kuumalizia. Mficha maradhi, kilio humuumbua. Na mimi, Mungu anisamehe, sikumlilia mzee yule. Nilimwonea wivu.

Nikaanza kumfuata. Sikujidhuru kwa mkono wangu; niliacha tu kula. Wazee walikuwa wamenirudishia jiko, lakini niliendelea kukaa kama mfiwa, nikingoja sufuria za majirani. Majirani nao wana watoto wao, sufuria zikapungua, zikakoma, nikaona ni sawa tu. Mbabula yangu, jiko la makaa, ikaota kutu pale mlangoni.

Ndipo mchana huo akaingia Mama Mwadi, jirani yetu, mzee mkali ambaye hata mbwa wa mtaa walimpisha. Hakuleta chakula. Hakuleta hata pole. Aliketi kizingitini, akanyoosha miguu.

"Mi niko na njaa. Unipikie bukari."

"Mama, mi siko na njaa."

"Shi sikukuuliza kama weye uko na njaa! Minasema mi. Utaacha mama muzima afe na njaa mu nyumba yako?"

"Lakini batu banaletaka chakula kwa mufiwa, mama. Weye unakuja kuomba?"

"Kilio ilisha kuisha. Hauko mufiwa tena, uko mama wa nyumba. Washa moto."

Nilikasirika, mwanangu! Kwa hasira hiyo hiyo nikapuliza makaa, nikachekecha unga uliokwisha kuingia wadudu, nikasonga. Akala tonge moja, akasema chumvi ya mboga haitoshi, akaisukuma sahani upande wangu. "Kula. Bukari haiko ya mutu moja." Nikala, machozi yakinidondokea mkononi. Kesho yake akarudi, na siku zilizofuata, mikono mitupu vilevile, akiilalamikia chumvi. Nilimchukia kwa muda mrefu. Baadaye nikajikuta jua likifika utosini nimekwisha kuchemsha maji, nachungulia njiani kama anakuja.

Miaka ikapita, akafa kwa uzee wake. Kwenye kilio chake binti yake alinivuta pembeni, akaniambia jambo ambalo sikulijua. Siku zile nilizofiwa mimi, Mama Mwadi mwenyewe alikuwa ameacha kula. Mwanawe wa kiume alikuwa amefia mbali, upande wa Musumba, na barabara mbaya zilimfanya asiwahi hata kumwona akizikwa. Nyumbani sahani yake ilirudi ilivyokwenda. Aliposikia kwamba na mimi sili, akajifunga kitenge chake akatoka. Mgeni njoo, mwenyeji apone, ndivyo wasemavyo wahenga, na mimi miaka yote nilidhani mgonjwa nilikuwa peke yangu.

Sasa sikia, mwanangu. Mume wako udongo wa shimo la mgodi ulimfunika, na wenzake waliomlilia nawe wamekwisha kurudi mashimoni. Malori ya madini yanapita mlangoni kwako na vumbi lao kana kwamba hapa hakufa mtu. Inauma, najua. Lia, usijikaze kama baba mkwe wangu. Kifua kikibana au pumzi ikikata, usiseme ni uchungu tu, nenda hospitali wakutazame. Na usijifungie na huzuni yako ndani, maana huko ndiko inakopatia nguvu. Usingoje hamu ya kula ndipo uwashe moto. Washa moto kwanza, umwite mtu, hamu itakuja nyuma, tena kwa kuchelewa.

Nami sikufichi kitu. Watoto niliowazaa wako Fungurume na Lubumbashi, nyumba yangu ni kimya, na siku hizi nasonga bukari yangu naitazama tu mpaka inapoa. Kesho jua likiwa utosini nitapiga hodi kwako. Usinitazame mikono, sitaleta kitu. Nitakuja na njaa yangu.

Mungu aulinde moyo wako, mwanangu, akupe pumzi ndefu, na mlango wako usikose wa kuubisha. Na chumvi usiisahau.