Simu Iliyohamia Zambia

Leo nimeamshwa na harufu ya sweta langu la shule likikauka juu ya jiko la mkaa, nikakumbuka asubuhi moja kabla sijaanza darasa la kwanza.

Dada yangu alikuwa sekondari. Alikuwa akiamka saa kumi na moja alfajiri, kwa hiyo alikuwa akilala na sketi na soksi za shule kabisa, kama askari wa zimamoto.

Siku hiyo wenzake walishapita nje na tochi zao, yeye bado anakoroma. Mama akaitazama simu.

"Imeshika tena mtandao wa Zambia."

Ng'ambo ya mpaka saa zao ziko nyuma yetu kwa saa nzima, kwa hiyo kengele ya simu ilikuwa haijalia. Nikakimbia kumtikisa dada. Mama akanidaka shati.

"Muache."

"Atachapwa, mama."

Akamvua soksi polepole, akamfunika kitenge hadi shingoni.

"Leo anasoma Zambia. Nitampeleka mwenyewe, wanichape mimi."

Siku hizi zamu ya kuamka alfajiri ni yangu. Kila jioni naiweka simu kwenye dirisha la upande wa mpaka, na mama huirudisha mezani.

Jana hakuirudisha.