Sidonie na Vitabu vya Msaada

Sidonie hakuwa mtu wa kupendwa. Nasema hivyo mapema, asije mtu akadhani ninamsifu kwa kuwa ni jirani yangu. Alizaliwa Makobola, akasomea ualimu hapa Uvira, akafundisha Kifaransa mpaka vumbi la chaki likamharibia kifua. Ndipo akapewa kazi ya kutunza maktaba ya mtaa wetu wa Kilibula. Wanafunzi walimshukuru Mungu. Mwanamke yule alikuwa anasoma insha ya mtoto mbele ya darasa zima, halafu anauliza, "Na hii uliandika ukiwa macho?"

Maktaba yenyewe ni chumba kimoja cha matofali nyuma ya uwanja wa mpira. Juu yake kulikuwa na komite, na juu ya komite kulikuwa na Papa Ezéchiel, mkaguzi wa shule aliyestaafu, mtu anayefunga kravati hata akienda kununua mkate. Papa Ezéchiel alikuwa na imani moja tu kuhusu vitabu: viwe vingi. Vinasema nini, viliandikwa kwa ajili ya nani, hayo hayakumhusu. Kitabu kikiingia hakitoki. Alilirudia neno hilo katika kila mkutano, na wajumbe walitikisa vichwa kukubali, maana mkutano ukiisha kulikuwa na soda.

Vitabu vilitoka Ulaya ndani ya makartoni. Kuna chama huko cha watu wenye moyo mwema. Walikuwa wanasafisha nyumba zao, na vitabu walivyoona aibu kuvitupa jalalani wakatutupia sisi. Siku makartoni yalipofika, komite ilivaa suti. Papa Ezéchiel alihutubia juu ya mwanga wa elimu mpaka mjumbe mmoja akasinzia amesimama. Kisha Sidonie akafungua kartoni ya kwanza. Akatoa sheria za kodi za nchi ambayo hakuna mtu wa Kilibula atakayewahi kulipa kodi huko. Akatoa kitabu cha kufundisha watu kuteleza juu ya theluji. Akatoa kingine, chenye picha za rangi, cha namna ya kumwogesha mbwa mwenye manyoya marefu. Chini kabisa kulikuwa na kamusi nene kama tofali, iliyokosa herufi za mwisho.

"Bwana Inspecteur," akauliza, "hii ya theluji tutaweka wapi?"

"Kwenye michezo."

"Nani atacheza?"

"Mama Sidonie, kitabu ni kitabu."

"Kiatu pia iko kiatu. Lakini weye unaweza kuvaa ya mutoto?"

Vikapangwa vyote. Rafu zikajaa kuanzia sakafuni, na kwa kweli katika picha zilipendeza. Msomaji akiingia, hata hivyo, alipitisha macho juu yake kama mtu anayepita mbele ya nyumba ya watu asiowajua. Mwanafunzi alitaka vitabu vya kujiandaa kwa mtihani wa serikali. Muuguzi alitaka kitabu cha dawa. Watu wa bondeni kwenye mto Ruzizi walitaka kujua ugonjwa unaokausha majani ya muhogo wao. Vya namna hiyo vilikuwa vichache, na vilisomwa mpaka vikabaki vitambaa. Sidonie alivishona kwa uzi wa magunia. Alivipiga viraka vya kitenge mgongoni. Gundi ya unga aliiacha, kwa kuwa mende wa Kilibula waliipenda kuliko sisi tunavyopenda bugali. Jua likitoka baada ya mvua alivianika kimoja kimoja mlangoni, akivifungua kurasa kwa vidole taratibu. Upole wote aliopewa na Mungu aliutumia pale. Kwa watu haukubaki.

Naye alikuwa na majivuno yake. Siku moja aliingia Zaina, mfanyabiashara wa bandari ya Kalundu, mama wa Kiislamu mwenye mtumbwi mkubwa wa mizigo unaovuka ziwa mpaka Kigoma. Alivua viatu mlangoni kana kwamba anaingia msikitini.

"Mama, minatafuta kitabu ya moteri ya mutumbwi. Fundi ananidanganya kila siku, na minye sijui hata anagusa nini."

Sidonie alimtazama kutoka juu mpaka chini. "Hapa iko biblioteke, Mama. Garaje iko kule chini."

Zaina hakukasirika. Alizunguka chumba polepole, akachomoa kile kitabu chenye picha za rangi, akakifungua, akakitazama vizuri.

"Sawa," akasema. "Na mbwa yenu ya hapa, munaiogesha mara ngapi?"

Akavaa viatu vyake akaenda zake. Sidonie, aliyewanyamazisha watoto wa shule miaka yote, siku hiyo alinyamazishwa yeye. Aliniambia alikaa kwenye kiti mpaka jioni, akihesabu vitabu ambavyo hakuna mtu aliyewahi kuviazima.

Tangu hapo akaanza kuuliza kila anayeingia alikuwa anatafuta nini akakikosa. Aliuliza kwa ukali, kama polisi, lakini aliuliza. Mwishowe akajishusha mpaka Kalundu, akamtafuta Zaina katikati ya wabeba mizigo.

"Ukienda Kigoma," akasema bila hata salamu ndefu, "vitabu ya Kiswahili iko?"

"Iko mingi."

"Ya moteri?"

"Nitaangalia. Leo biblioteke imekuwa garaje?"

"Usinichokoze, Mama Zaina."

Zaina alirudi na furushi. Kulikuwa na kitabu cha injini, cha afya ya mama mjamzito, cha ushonaji, na hadithi za watoto. Sidonie akavipeleka mbele ya komite. Papa Ezéchiel alikigusa kile cha juu kwa ncha ya kidole, kama mtu anayeonja chumvi.

"Kiswahili? Kiswahili ni ya sokoni. Biblioteke iko ya kusoma!"

Maneno hayo aliyasema kwa Kiswahili, wala hakuna mjumbe hata mmoja aliyeona kichekesho. Vitabu vikakataliwa. Sidonie akavificha chini ya meza yake na kuviazimisha kimyakimya. Vilirudi vinanuka petroli na ndagala, dagaa wa ziwa letu. Alivipangusa huku akitukana, siku ileile akampa msomaji mwingine.

Ndipo mvua zikanyesha sana, ukuta wa nyuma ukalowa, na mchwa wakaja. Mchwa wana akili kuliko komite. Hawakugusa vitabu vinavyotembea mikononi mwa watu. Waliingia rafu za chini, kwenye kodi na theluji, ambako tangu hotuba ile hakuna mkono uliofika. Sidonie aliona vijia vya udongo ukutani akaenda mbio kwa Papa Ezéchiel.

"Tutoe ile ya chini yote, Papa. Bakimaliza kule batapanda juu."

"Usiguse! Wageni biko njiani. Unataka bakute rafu tupu?"

Wageni walikuja kweli: Madame Annie wa kile chama, na mpiga picha wake. Komite ikajipanga mstari. Papa Ezéchiel, akitaka kuonyesha namna tunavyotunza zawadi za watu, akainama mwenyewe na kuivuta ile kamusi nene. Jalada lilikuja. Ndani hapakuwa na herufi ya kwanza wala ya mwisho. Palikuwa na udongo, na mchwa, na vyote vikamwagika juu ya viatu vyake alivyovipaka rangi asubuhi. Alibaki ameshika jalada tupu kifuani, akitabasamu, kwa sababu mpiga picha alikuwa bado anapiga.

Madame Annie alishika mdomo. "Poleni sana!" akasema kwa Kifaransa. "Msijali. Nikifika nyumbani tutawatumia vingine, vingi zaidi."

Komite ikapiga makofi. Ndiyo, mchwa wakiwa bado wanapanda suruali ya mwenyekiti, komite ikapiga makofi.

"Hapana, Madame," akasema Sidonie.

Makofi yakafa. Aliendelea kwa Kifaransa chake cha darasani, taratibu, kana kwamba anasahihisha insha. "Usitutumie. Mlituletea ambavyo ninyi wenyewe hamkutaka kusoma. Mngetuuliza, tungewaambia tunachohitaji. Hakuna aliyeuliza. Mchwa ndio wasomaji wa kwanza mliowapata hapa."

Mama wa watu akawa mwekundu mpaka masikioni. Aliondoka bila kunywa soda, na ahadi ya mabati mapya ya paa, aliyokuwa ameipa komite, ikaondoka naye. Jioni ileile komite ilimfukuza Sidonie kwa kosa la kudharau wafadhili. Alitoa ufunguo akauweka mezani. Alipofika kwangu alikaa kizingitini akanipa mgongo. Nilidhani ni hasira. Kumbe analia.

"Vitabu yangu niliyoshona," akasema, "imebakia ndani na bale muchwa."

Maktaba ikafungwa. Komite ilitafuta mtu wa kushika nafasi yake, ikagundua kwamba watu wengi walipenda kuitwa mkuu wa maktaba lakini hakuna aliyependa kukaa humo bila mshahara wa uhakika. Wao wenyewe hawakufika hata kufagia. Mchwa hawakuchukua likizo.

Zaina ndiye aliyechoka kwanza. Alikusanya wanafunzi na akina mama waliokuwa wakiazima vile vya Kigoma, wakaenda kusimama mbele ya nyumba ya Papa Ezéchiel mchana kweupe, majirani wote wakitazama.

"Papa, kama unapenda chumba ya mchwa, chukua, ulale mule," akasema kwa adabu yote. "Lakini vitabu ya chini ya meza iko yangu. Fungua."

Akaenda nao akafungua maktaba, mbele ya watu wote, na harufu iliyotoka iliwarudisha nyuma. Rafu ya pili ilikuwa imeshaanza kuliwa. Papa Ezéchiel alitazama, akalegeza kravati, na siku iliyofuata akamtuma mjumbe kwa Sidonie.

Sidonie alimjibu akiwa anachambua mchele, bila kuinua kichwa. "Minye narudi. Lakini yote ya chini inatoka. Kiswahili inaingia. Na kitabu hakuna kuingia mupaka mutu aniambie nani ataisoma."

Wakakubali, maana hawakuwa na la kufanya. Vilivyoliwa vikachomwa uwanjani. Vilivyosalimika lakini havina kazi wakapewa akina mama wauza mandazi, na wateja wao wakafungiwa mandazi kwa kurasa zilizobaki za sheria za kodi, matumizi bora kabisa ambayo sheria zile zimewahi kupata. Rafu zikainuliwa juu ya matofali, ukuta ukapakwa mafuta machafu ya moteri aliyoyaleta Zaina. Vilivyochakaa vikashonwa upya.

Leo rafu nusu ni tupu. Katika picha ni mbaya. Ukienda mchana utakosa pa kukaa. Papa Ezéchiel huwaeleza watu kwamba alipigania mabadiliko hayo tangu zamani, na anaazima kitabu cha Kiswahili cha afya ya wanaume wazee, akikifunga ndani ya gazeti la Kifaransa. Sidonie hajawa mpole. Juzi mchungaji mmoja alimletea kartoni nzima ya kitabu alichoandika juu ya maisha yake mwenyewe.

"Moja inatosha, Pasteur," akamwambia, akimrudishia kartoni. "Na hiyo moja, nitaisoma kwanza."